Maua Yalipopukutika

Akina mama wenzetu, leo tunawaletea habari ya aibu yetu, ili nanyi isiwapate.

Mwaka juzi sisi wa kikundi cha kanisani, hapa Dar es Salaam, tulipanda nyanya nyuma ya kanisa. Shabaha yetu ilikuwa sare za watoto watatu wa marehemu mwenzetu, maana shule hufunguliwa Januari. Miche tuliihamisha Oktoba ikastawi, hata wapita njia wakaisifu. Lakini vuli haikunyesha vizuri. Kufika Desemba maua yakapukutika, hakuna tunda.

Tukaanza kunong'onezana. Zamu ya kumwagilia alikuwa nayo mama mmoja mgeni kikundini. Tukasema ana mkono mbaya, tena mvivu. Akasikia, akaacha kuja.

Baadhi yetu ni wauguzi. Kutwa tunapima homa za watu, tusiwaze kwamba mche nao huzidiwa na joto. Bwana shamba alipopita alitueleza: mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na usiku usiposhuka chini ya 24 hivi, chavua hukosa nguvu na ua hudondoka. Si mkono wa mtu.

Jioni ile tulikwenda kwa yule mama, tukaketi mkekani kwake, tukaomba radhi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa nani anamwagilia?" Kesho yake alfajiri tulimkuta bustanini.

Tukafanya hivi. Tulisimamisha vichanja vya makuti, vikinge jua la adhuhuri na kuacha la asubuhi lipite. Tukatandaza nyasi kavu kuzunguka mashina. Tulimwagilia alfajiri, shinani, kwa kipimo kile kile kila siku. Maji mengi leo na kesho hakuna huozesha tunda kitakoni. Asubuhi tulitikisa taratibu miti ya kuegemezea, chavua ipate kuanguka. Majani hatukuyapunguza ovyo, maana ndiyo mwavuli wa matunda.

Mavuno yalikuwa ndoo chache tu, tena mwisho wa Januari, watoto wakiwa wamekwisha kuanza shule na nguo za nyumbani. Sare mbili zilitoka kwenye nyanya. Ya tatu tulichangishana, na wa kwanza kufungua kitambaa chake alikuwa yule mama.

Mama mwenzetu, maua yakianguka bustanini mwako, litazame jua kwanza kabla ya kumtazama jirani.