Timu Isiyo na Uwanja

Wenzangu kwenye ligi siku hizi wananiuliza timu hii isiyo na uwanja ilianzia kwa nani, maana waliobaki wanaokumbuka ni wachache.

Ilianzia kwa walimu wawili wa sekondari, jirani na Detroit. Mwaka 1984 nilikuwa mwanafunzi kutoka Mombasa. Besiboli sikuijua kichwa wala miguu, ila hesabu nilizimudu, nao walitaka karani wa ligi. Mchezo wenyewe ulikuwa wa mezani. Kila mwenye timu alikuwa na dola 260 za kununua, kwa mnada, majina 23 ya wachezaji halisi wa American League. Wakifanya vizuri uwanjani, wewe unapanda. Daniel Okrent na wenzake ndio walioubuni New York mwaka 1980, wakauita Rotisserie kwa jina la mkahawa walimokuwa wakila pamoja. Kazi yangu ilikuwa kunakili takwimu magazetini kila wiki na kujumlisha kwa kalamu.

Siku ya mnada likatajwa jina la Willie Hernández, mrushaji aliyetoka kuhamia Detroit kutoka Philadelphia siku chache kabla ya msimu. Ukumbi kimya. Walimu wakamchukua kwa bei ya soda. Mwaka huo alipata nafasi 33 za kulinda ushindi akalinda 32, akatwaa tuzo mbili kubwa, na Detroit Tigers wakawa mabingwa. Kwa kanuni zetu, mchezaji uliyemnunua ungeweza kubaki naye misimu inayofuata kwa bei ileile. Basi timu ambayo jana ilikuwa karatasi tu ikawa mali, na mali haikosi ugomvi. Msimu wa pili haujaisha, mwalimu mmoja akanunua sehemu ya mwenzake. Kwa kiasi gani, hakuna aliyewahi kusema.

Yule aliyebaki akaachana na mkewe, na mke akaidai timu. Tulikesha tukibishana! Mmoja akasema timu si sofa ya kugawana. Lakini sote tulijua nani nyumbani mle aliyekuwa akisoma takwimu kila asubuhi. Kura zikampa mke, na kwa maoni yangu hajatokea mmiliki wa kumfikia. Mei 1991, Rickey Henderson alipoiba kituo cha 939 na kuvunja rekodi ya Lou Brock, simu yake ilinifikia kabla ya gazeti.

Agosti 1994 wachezaji wakagoma, msimu ukafa, naye alikuwa akiongoza. Tukampa kombe. Akalipokea, akauza timu majira yaleyale ya baridi. Alisema hawezi kutegemea watu wanaogoma.

Mnunuzi alikuwa kijana mmoja mwenye suti. Huyo aliwahamishia rafiki yake wachezaji wote wa bei rahisi kwa vijisababu, kisha akaaga. Ndiyo asili ya kifungu kirefu katika katiba ya ligi kinachomkataza anayeondoka kubadilishana wachezaji.

Mwaka 1999 Yahoo wakaanza kuendesha ligi bure kwenye intaneti, hesabu zikijijumlisha zenyewe. Kalamu yangu ikakosa kazi, nami nikaomba kuinunua timu, iliyokuwa haina mwenyewe. Walikubali wote isipokuwa mmoja, aliyesema karani anajua mno siri za watu: nani hubembeleza, nani huuza kwa hasira, nani hawezi kumwacha mchezaji wa Detroit hata akiwa mzee. Hakukosea. Msimu wa kwanza nilimuuzia wazee watatu wa Detroit.