Bendera na Kiberiti

Ndugu msomaji, mimi nimewahi kuchapwa viboko kwa ajili ya bendera. Usicheke. Nilikuwa darasa la sita kule Kitura, Mbinga, na siku hiyo zamu ya kupandisha bendera ilikuwa yangu. Asubuhi za Umatengo unazijua? Ukungu umelalia mashamba ya ngoro, vidole vimekufa ganzi, kamba imelowa chepechepe. Nikaivuta, ikaniponyoka, bendera ikaja chini pu! kwenye tope jekundu, shule nzima ikitazama. Fimbo tatu. Maumivu niliyasahau kabla ya mchana, lakini aibu sikuisahau. Jioni nikamwambia bibi kwamba leo nimeiangusha nchi. Akanijibu huku anachambua kahawa yake, "Mume wangu wee, nchi ingekuwa inaangushwa na kamba, tungekwisha kuiokota mara ngapi?"

Maneno hayo nimeyakumbuka mwezi uliopita. Jarida letu hili, linalochapwa kwa michango ya mifuko yetu wenyewe, lilipokea hadithi ya kijana mmoja wa huko huko kwetu. Mzee anapeleka magunia ya kahawa, anapewa stakabadhi, halafu anaanza kuzungushwa: njoo Jumatatu, njoo mwisho wa mwezi, njoo mwakani. Binti yake amepata nafasi chuoni, nauli hakuna. Basi mzee anakwenda mnadani, ananunua bendera ndogo kwa hela yake mwenyewe, anaitandaza mbele ya ofisi, anawasha kiberiti. Hasemi neno hata moja. Hadithi imekwisha.

Kikao chetu kikawaka kuliko hiyo bendera. Mmoja akasema, "Hii ikitoka, wa kwenda kujieleza ni sisi." Mwingine akadakia, "Mkiiondoa, mzee atakuwa amekwenda mnadani kununua nini, dagaa?" Mwisho nikakabidhiwa mimi niamue, eti kwa kuwa ni mtu wa Mbinga.

Nakiri mbele yako: usiku wa kwanza niliufuta moto. Nikaandika kwamba mzee alikaa chini ya mlingoti akalia. Nikaisoma tena. Ilikuwa imekufa.

Lakini woga wetu haukutoka hewani. Mwaka 2024, kule Rungwe, mkoani Mbeya, mchoraji kijana alijirekodi akichoma picha ya Rais, video ikasambaa mitandaoni. Mwezi Julai mahakama ikampa kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 5, kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao. Mawakili wakahoji hadharani: ni sheria ipi inayokataza mtu kuchoma picha? Wananchi wakachangishana, faini ikalipwa, akatoka. Mwezi Agosti mwaka huo huo zikatoka habari kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana. Sasa niambie, mhariri wa jarida la kurasa 40 alale usingizi?

Utasema picha si bendera. Sawa, na bendera ina ulinzi wake. Tunayo Sheria ya Nembo za Taifa ya mwaka 1971. Tunayo pia Katiba, ambayo Ibara yake ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Swali langu liko katikati ya hizo mbili: je, moto wa yule mzee ni maoni, au ni uhalifu tu?

Wapo wanaosema, "Kitambaa tu hicho, achaneni nacho." Hao mimi siwaungi mkono. Shuka kutoka kwetu milimani hadi Mbamba Bay, umweleze mvuvi kwamba ile rangi ya buluu ni pambo. Shuleni tulifundishwa kwamba buluu ni maji, na maji yenyewe ndiyo hayo yanayomlisha. Malawi wanashikilia kwamba kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 ziwa lote ni lao mpaka ufukweni. Sisi tunasema mpaka uko katikati ya maji. Kwa mvuvi huyo bendera ina maana ya wapi atatega wavu wake.

Na historia yetu inatuambia hivyo hivyo. Agosti 1888, kule Pangani, Emil von Zelewski, mtu wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe, na mlingoti wa Sultani wa Zanzibar ukakatwa. Watu hawakusema ni kitambaa tu. Pwani ikalipuka, Abushiri bin Salim akaongoza vita, na mwaka 1889 Wajerumani wakamnyonga. Bendera yao ilibaki juu, lakini mioyoni mwa watu haikupanda hata siku moja.

Basi mimi nimefika hapa. Kama bendera inasema, kuichoma nako ni kusema. Huwezi kutuambia kwamba kuipandisha ni kauli ya mapenzi, halafu ukadai kwamba kuiwasha moto si kauli yoyote. Ni kauli chungu, ya matusi pengine, lakini aliyeitoa alikuwa na jambo. Yule mzee angekuwa haipendi nchi asingehangaika kununua bendera, angechoma gunia.

Wenzetu Marekani walilipitia jambo hili. Gregory Lee Johnson alichoma bendera ya nchi yake mjini Dallas mwaka 1984, akahukumiwa mwaka mmoja jela. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya nchi ikaamua kwa upande wake, majaji watano kwa wanne. Mmoja wa wale watano, Anthony Kennedy, hakuficha kwamba uamuzi ule ulimuuma. Na ugomvi haukuisha: Agosti 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwabana wachomaji. Kumbe hata huko uhuru huu unalindwa kila siku upya.

Mipaka ipo, sikatai. Ukishusha bendera ya shule ukaichoma, umeharibu mali ya watoto. Ukiwasha moto karibu na nyumba za watu, hilo ni kosa jingine. Lakini bendera uliyoinunua mwenyewe, mahali ambapo huunguzi mtu? Nikemee, nisute, niandikie shairi la kunijibu. Usinifunge. Ukinifunga, bado hujamlipa mzee kahawa yake.

Mimi sitachoma bendera. Mpaka leo filimbi ya saa kumi na mbili jioni ikilia nasimama wima barabarani, hata kama nimebeba mkaa. Nasimama kwa hiari yangu, na nadhani heshima ya namna hiyo ndiyo pekee yenye thamani. Ile ya fimbo tatu ilinifundisha kuiogopa kamba tu.

Nimeurudisha moto mahali pake. Hadithi itatoka toleo lijalo, na jina langu litakuwa chini yake kama mhariri. Mama yangu sijamwambia. Wewe, mwenzangu, ungefanyaje? Tuandikie.