Ramani Mpya na Majina ya Kwetu

Ramani ni maandishi. Mtu aliyezoea kuiona ukutani mwa ofisi ya wahandisi huenda akadhani kwamba ni kazi ya rula na hesabu peke yake. Lakini yaondoe majina yaliyomo, nawe utabaki na mistari isiyomfikisha msafiri popote. Kwa hiyo mabadiliko yaliyozipata ramani za barabara zetu hapa West Nile yanatuhusu sisi walimu wa lugha sawa na yanavyowahusu wapima ardhi.

Zamani kazi hii ilikuwa ya mkono. Nchi ilipigwa picha kutoka katika ndege, wapimaji wakaenda kuhakiki kwa miguu, kisha wachoraji wakanakili kwa wino mito, vilima na njia. Katika ramani zilizotolewa na idara ya upimaji ya Entebbe, sentimita 1 ilisimama mahali pa mita 500. Upungufu wake ulikuwa kuzeeka. Daraja likichukuliwa na maji, karatasi haikuwa na habari. Hata hivyo, ilikuwa na fadhila moja: mpimaji hakuweza kuandika jina la kijito bila kumwuliza mwenyeji. Sisemi kwamba alisikia sawasawa siku zote, kwani mgeni huandika kwa sikio la kwao, lakini aliuliza.

Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi ishara za setilaiti zake zilizotumiwa na raia. Chombo cha mkononi kilichokuwa kikikosea kwa mita zipatazo 100 kikaanza kukosea kwa mita 20 au pungufu. Mamlaka ya Barabara ya Taifa ya Uganda ilipoanza kazi mwaka 2008, na baadaye kukabidhiwa barabara za zaidi ya kilomita 20,000, ilikuwa dhahiri kwamba mzigo huo haubebeki kwa karatasi na kalamu ya risasi. Barabara zikaingizwa katika kompyuta: urefu wake, lami au udongo, madaraja na makalvati. Ile ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, kilomita 92, ikatiwa lami katika miaka ya 2010. Mwishoni mwa 2024 Mamlaka hiyo ilivunjwa na kazi zake zikarudi Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi.

Hapana shaka hayo ni maendeleo. Lakini fikiria, ndugu msomaji, majina mawili yaliyo katika njia hiyo hiyo. Kusini ya Arua kuna Kuluva, penye hospitali kongwe inayojulikana na wengi. Kaskazini ya mji wa Koboko, kuelekea mpaka wa Sudani Kusini, kuna gombolola ya Kuluba. Kati yao kuna zaidi ya kilomita 60, na tofauti ya herufi moja. Niliwahi kuona lori la madawati yaliyongojewa Kuluba likishusha mzigo wake Kuluva, kwa kuwa karani mmoja aliandika v, nayo simu ya dereva ikatii. Madawati huweza kupakiwa tena. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, akingojea gari la wagonjwa, hana nafasi hiyo.

Kilugbara nacho huweka ritifaa mbele ya b na d fulani ili kuonyesha sauti iliyo tofauti na b na d za kawaida. Mara nyingi alama hiyo hudondoka jina linapojazwa katika fomu za ofisi, na likiisha kudondoka, kila anayenakili hunakili upungufu ule ule. Kosa la mchoraji wa zamani lilikaa katika karatasi yake. La leo husambaa katika simu elfu kabla ya jua kuchwa.

Dawa yake si ngeni. Kuanzia mwaka 2017 vijana wa kujitolea wanaojenga ramani huria ya OpenStreetMap walipita katika makazi ya wakimbizi ya West Nile, simu mkononi, wakiandika visima, shule na zahanati. Setilaiti huliona paa, wala haijui kama ni la shule au la ghala. Walilazimika kuuliza, kama mpimaji wa zamani.

Basi kazi hii tusiwaachie wahandisi peke yao. Serikali ya Uganda iliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi. Nafurahi, lakini sipendi Kiswahili chetu kiyameze majina ya Kilugbara na Kikakwa. Mwalimu wa Arua au Koboko awatume wanafunzi kwa wazee wao wakusanye majina ya vijito, vilima na masoko ya kijiji, wayaandike kwa tahajia ya lugha yenyewe, kisha orodha ipelekwe ofisi ya wilaya. Huo ni utungaji, ni imla, na ni huduma kwa mgonjwa tusiyemjua.