Sinema ya Makunduchi

Julai mjini Unguja ni mwezi wa kusi. Upepo hupuliza kutwa kucha, na ikiingia magharibi hata sisi wa Ng'ambo tuliozoea joto tulitoka tumevaa mashati mawili mawili. Tulikuwa tukivuka Darajani, tukikata vichochoro vya Mji Mkongwe hadi kutokea Forodhani, ambako moshi wa mishikaki ulikuwa umeshatanda na karabai zinavuma juu ya meza za pweza na ngisi. Muuza juisi alizungusha gurudumu la mashine yake, akilikunja bua la muwa na ndimu na kipande cha tangawizi katikati. Ukishamaliza gilasi yako, unavuka barabara tu, umo ndani ya Ngome Kongwe.

Kuta zile walizijenga Waarabu wa Oman baada ya Wareno kufukuzwa. Ni nene, zimeingia weusi wa mvua za miaka, na ndani yake mna uwanja wenye ngazi za mawe za kukalia. Jua likizama, jiwe lilikuwa bado na joto la mchana, nasi tuliwahi mapema kulikalia kabla halijapoa. Skrini ilitikisika kwa upepo, nyuso za waigizaji zikijikunja na kujikunjua. Popo walikatiza kwenye mwanga wa projekta. Mtoto wa karanga alipanda na kushuka na sinia lake, vifurushi vya karatasi vimepangwa kama misumari, akinong'ona bei ili asitukanwe na waliokuwa wakitazama. Hilo ndilo Tamasha la Nchi za Jahazi, lililoanza mwaka 1998, na katika miaka ninayoikumbuka lilikuwa mikononi mwa Profesa Martin Mhando.

Kwetu sisi vijana, yeye alikuwa kwanza mtu wa *Maangamizi*, filamu aliyoiongoza pamoja na Ron Mulvihill, iliyotoka 2001 na ambayo Tanzania iliipeleka kwenye mashindano ya Oscar. Mwanamke aitwaye Samehe yuko katika hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka 20 hajatamka neno, na daktari aliyetoka Marekani anajaribu kumfikia. Filamu nzima inamngoja mtu mmoja aseme, wala haimharakishi. Sikuwahi kuona sinema yenye subira ya namna ile.

Nyingine niliiona baadaye. Mhando alifundisha Chuo Kikuu cha Murdoch, Australia, na huko ndiko alikotengeneza *Liyarn Ngarn*, mwaka 2007. Inaanzia kwenye msiba: Louis Johnson, kijana wa wenyeji wa asili wa Australia aliyelelewa na wazazi Wazungu, aliuawa Perth mwaka 1992, siku aliyotimiza miaka 19. Mwigizaji Pete Postlethwaite, rafiki wa baba yake Louis, anafunga safari pamoja na Patrick Dodson, kiongozi wa watu wa Yawuru, na mwimbaji Archie Roach naye yumo. Wanakaa na watu, wanawasikiliza. Naamini hakuna kazi nzito kwa mtengeneza filamu kuliko kukaa kimya mbele ya uchungu wa mwenzake, na aliyeiweza kazi hiyo ndiye aliyesimamia yote tuliyoyatazama pale ngomeni, na yale yaliyopelekwa mashamba.

Maana tamasha halikuishia mjini. Kulikuwa na mafunzo ya vijana, na kulikuwa na sinema za vijijini, na kwangu mimi huko ndiko kulikokuwa na roho yake. Mwaka mmoja kundi letu la mafunzo likapelekwa Makunduchi na kamera ya kanda ndogo, staendi yake, na maikrofoni iliyovalishwa manyoya ambayo watoto wa kule waliiita paka. Tulipanda daladala ya mbao, mizigo juu, kamera mapajani. Tukapita Tunguu, Jozani dereva akapunguza mwendo kwa ajili ya kima punju, kisha Kitogani, kisha Muyuni. Tulikikuta kijiji katika pilikapilika za Mwaka Kogwa, makuti yamerundikwa na kila mtu ana la kufanya.

Maji yalikuwa yamekupwa. Chini pwani wanawake walikuwa wakifukua makumbi waliyoyazika miezi mingi nyuma, wakiondoa jiwe moja moja juu ya shimo. Harufu ile ya tope, chumvi na kitu kilichooza hadi kikakaribia utamu ningeitambua leo hata usingizini. Makumbi hupondwa kwa kigongo, pu, pu, pu, mpaka maji meusi yaishe na zibaki nyuzi za usumba, ambazo zikianikwa hupata rangi ya dhahabu. Bibi tuliyemrekodi alisokota kamba bila kutazama mikono. Alichukua nyuzi chache kulia, chache kushoto, akasukuma kiganja kimoja juu ya kingine, na kamba ikateremka pajani hadi mchangani.

Mmoja wetu alimwomba, kwa adabu zote, azungumze Kiswahili cha mjini ili kila mtu aelewe. Mwalimu wetu akamzuia.

"Mwache bibi na Kikae chake. Wewe shika kamera."

Basi bibi akaendelea na Kikae chake, lahaja ya Makunduchi. Alitupa hadithi ya msichana aliyezika makumbi karibu na mzimu, na kila alipokwenda kufukua, alikuta kamba iliyokwisha kusokotwa. Katikati alinyamaza, akaongeza nyuzi, akanyamaza tena. Kanda ikazunguka. Mwalimu aliinua kidole: ngojeni.

Usiku sinema ilikuwa uwanja wa mpira. Skrini ilifungwa kwenye minazi miwili, jenereta likawekwa mbali nyuma ya nyumba. Wanawake walikaa kwenye mikeka upande wao, wanaume upande wao, watoto mbele kabisa, vumbi na harufu ya maandazi vimechanganyika na petroli. Kazi yetu ilitangulia filamu kubwa. Uso wa bibi ulipotokea, watoto walipiga kelele za furaha. Mwenyewe alijifunika mdomo kwa upindo wa kanga, akatazama. Tulikuwa tumepewa dakika tano, na dakika tano zikaisha msichana akiwa ameinama shimoni, kamba mkononi.

"Nani aliyeisokota?" sauti ikatoka upande wa wanaume.

Bibi alisimama. Alisema hakuwa amemaliza. Akapita kati ya mikeka hadi mbele ya skrini, taa ya projekta ikimpiga kwenye kanga, akapaza sauti juu ya jenereta na kuianza hadithi upya, tangu mwanzo, na uwanja mzima ukamwitikia. Filamu kubwa ilichelewa sana usiku ule. Mwendesha projekta hakulalamika: alikuwa mzaliwa wa Makunduchi, na yeye pia alitaka kujua nani aliyeisokota.