Matongo Hawakuulizi Lugha, Wanakuuliza Unatoka kwa Nani

Ukishuka leo Nyamongo, kwenye machimbo ya dhahabu ya Tarime, ukitokea Shinyanga au Kigoma, hujui hata salamu ya Kikurya, bado unaweza kupata kibarua katika kata ya Matongo ndani ya siku chache. Mwenye duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, hatakuuliza unasema lugha gani. Atakuuliza unatoka kwa nani. Ukimtaja mtu anayemfahamu, awe mjomba wako au hata mama aliyekupangisha chumba, unapewa mfuko wa mawe na kazi inaanza. Kwenye makarasha, mashine za kusaga mawe, ni hivyo hivyo. Kiswahili kinatosha, na hata chako kikiwa kimejaa Kisukuma, watakucheka kidogo, kisha watakuonyesha pa kushika.

Mimi naishi Ruhr, magharibi mwa Ujerumani, eneo lililojengwa na makaa ya mawe kama dhahabu ilivyowavuta watu kwetu. Vijana wa nyumbani wananiandikia: "Kaka, huko naweza kupata kazi bila Kijerumani?" Huwa najibu kwamba inawezekana, kisha naanza kueleza, na maelezo hayapendezi.

Zamani hapa walifanya kama Matongo. Mwaka 1955 Ujerumani Magharibi ilitia saini mkataba wa wafanyakazi na Italia, 1961 na Uturuki, 1963 na Moroko. Mwaka huohuo wa 1963 Korea Kusini nayo ikaanza kuleta wachimbaji, na hadi 1977 walikuwa wamefika takriban 8,000. Wengi walishuka shimoni wakijua maneno machache tu ya Kijerumani. Kampuni zilikuwa na mabweni na wakalimani, na nchi ilikuwa na njaa ya mikono. Cheti cha lugha kingemsaidia nani? Njaa ilipopungua, Novemba 1973, uajiri wa jumla ukasimamishwa. Mgodi wa mwisho wa makaa wa chini ya ardhi, Prosper-Haniel wa Bottrop, ulifungwa Desemba 2018.

Siku hizi wameanza kuhitaji watu tena, lakini mlango una masharti mengine. Muuguzi kutoka Tanzania anayetaka taaluma yake itambuliwe anatakiwa kwa kawaida awe na Kijerumani cha ngazi ya B2. Anayetaka kuja kuishi na familia akisaidia kulea watoto, yaani au pair, anaanzia A1, ngazi ya chini kabisa. Tangu Juni 2024 kuna kadi inayoitwa Chancenkarte, inayokuruhusu kuja kutafuta kazi ukiwa na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2. Lakini uwe na shahada au cheti cha ufundi cha angalau miaka miwili, na uonyeshe akiba ya zaidi ya yuro elfu moja kwa kila mwezi utakaokaa. Wapo wanaopita bila kuulizwa Kijerumani kabisa, wakiwemo wataalamu wa kompyuta wenye uzoefu na mkataba wa mshahara mzuri. Na huyo mchimbaji wa Nyamongo anayejua mwamba kwa kuutazama tu, hajatengewa dirisha lolote hapo.

Sharti la muuguzi silipingi. Mgonjwa akisema kifua kinambana, lazima aeleweke. Ninachokilalamikia ni nani anayelipa. Kituo cha Goethe kinachofundisha Kijerumani kiko Dar es Salaam, na kutoka Tarime hadi huko ni zaidi ya kilomita elfu moja. Binti wa Matongo anahitaji nauli, chumba, ada na miezi mingi bila kipato, kabla mwajiri yeyote hajamwona. Binti wa Sinza, hapo hapo Dar, anapanda daladala.

Basi nani anafanya kazi hapa bila Kijerumani? Ni wale ambao tayari wana haki ya kuishi hapa: wenza wa watu, wanafunzi, wakimbizi, raia wa nchi nyingine za Umoja wa Ulaya. Wamejaa kwenye maghala ya vifurushi, kwenye usafi wa ofisi usiku, jikoni kwenye kuosha vyombo. Nimepita ghalani. Kifaa cha mkononi kinakuonyesha namba na rangi, unafuata. Msimamizi wa zamu anaongea Kipolandi au Kituruki, na mwenzako wa kushoto Kiarabu. Mnasalimiana kwa kichwa. Siku ya kwanza unapewa karatasi za usalama kazini za Kijerumani, unatia saini. Mkataba nao unatia saini. Ndani yake kuna muda wa majaribio, ambao kisheria unaweza kufika miezi sita, na katika muda huo unaweza kuachishwa kwa notisi ya wiki mbili bila kuelezwa sababu. Wengi hulijua hilo siku barua inapofika.

Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka 2025 kilikuwa yuro 12.82 kwa saa, na hela hiyo si haba. Ila mtu anaweza kukaa ghalani miaka mitano akatoka na Kijerumani cha wiki mbili. Kazi ile imepangwa makusudi isihitaji maneno, sasa maneno utayapata wapi?

Hapa ndipo nawakumbuka wazee wa Kikurya walioingia KAR, jeshi la kikoloni, enzi za Mwingereza. Wengi walitoka kwenye maboma yao bila Kiswahili. Kambini walikula, walilala na kuchapwa kwa Kiswahili, na baadhi ya askari wa Afrika Mashariki walikipeleka hadi Burma katika Vita vya Pili. Waliorudi walirudi na lugha. Migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, kwa upande wake, iliwafundisha wageni kutoka Msumbiji, Malawi na Lesotho lugha ya kazi iitwayo Fanagalo, mchanganyiko wa Kizulu, Kiingereza na Kiafrikana. Ilisifika kwa amri kuliko mazungumzo. Mtu aliyeijua vizuri alikuwa bado hawezi kwenda mahakamani nayo.

Nisije nikaisifu Matongo kupita kiasi. Duara halina mkataba wa lugha yoyote, na kifusi kikianguka hakuna bima. Tena pale pale, ndani ya uzio wa mgodi mkubwa ulioanza uzalishaji mwaka 2002, hesabu inageuka. Mhandisi kutoka nje anaingia na Kiingereza chake na hakuna anayetarajia ajue Kikurya. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri awe na mpango wa kumwandaa Mtanzania ashike nafasi hiyo, lakini nyaraka za ufundi ni za Kiingereza, na kijana aliyesoma msingi wote kwa Kiswahili ndiye anayeonekana hana lugha, akiwa kijijini kwao. Anayehitajika zaidi hatakiwi kujifunza. Wengine ndio wanaomfuata.

Hata Oman ilikuwa hivyo. Sultani Qaboos alipochukua madaraka Julai 1970, aliwaita Waomani walioko nje warudi. Wengi kutoka Zanzibar walirudi na Kiswahili na Kiingereza, Kiarabu chao kikiwa dhaifu, na bado walipata kazi serikalini na kwenye mafuta, kwa kuwa nchi ilikuwa na wasomi wachache mno. Leo dada anayekwenda Muscat kufanya kazi za ndani anaweza kubahatika kupata nyumba inayoongea Kiswahili. Atapata wa kuzungumza naye, ila kibali chake cha kukaa bado kimefungwa kwa mwajiri.

Kwa hiyo, mura, kijana wa nyumbani, wakala akikuambia lugha utajifunzia huko huko, muulize ni kazi gani hasa na utakuwa ukiongea na nani kutwa. Mwombe mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoisoma, na uulize TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, kama wakala huyo ana leseni ya kupeleka watu nje. Fanya hivyo ng'ombe wakiwa bado zizini, hujawauza. Hela ya kwanza utakayotoa, itoe kwa mwalimu wa lugha kabla ya wakala.