Rekodi Isikilizwe Yote

Hapa Viwanja Sitini, Ifakara, mwenye lalamiko dhidi ya redio haandiki barua. Anakuja mwenyewe, mara nyingi asubuhi, kipindi cha jana kikiwa bado midomoni mwa watu. Mimi nasimamia vipindi, kwa hiyo ndiye ninayemkaribisha kiti.

Malalamiko mazito katika bonde la Kilombero ni ya wakulima na wafugaji. Tangu operesheni ya mwaka 2012 ya kuondoa mifugo bondeni, suala hili halijapoa. Msimu mmoja, mpunga ukikaribia kuvunwa, mpiga simu alisema hewani kwamba wafugaji wameingiza ng'ombe shambani makusudi, akataja na kijiji. Kesho yake akaja mzee wa Kisukuma, mfugaji. Hakufoka. "Mwanangu," aliniambia, "aliyelisha shamba la watu ni mmoja, redio imetutaja sote."

Nilimwita mtangazaji, tukasikiliza rekodi pamoja na mzee, tangu kipindi kilipoanza. Sikukubali tuanzie pale simu ilipoingia, kwa sababu neno hubeba uzito wa yaliyotangulia. Mtangazaji alikuwa amemuuliza mpiga simu kama anamjua mwenye ng'ombe, tena akawaeleza wasikilizaji kuwa ofisi ya kijiji haijapatikana kujibu. Hayo yalikuwa sawa. Lakini mpiga simu aliposema "hawa watu ndivyo walivyo", hakuna aliyemkatiza. Habari ya ng'ombe ingeweza kufuatiliwa, ikathibitika au ikakanushwa. Sentensi ile haina cha kufuatilia. Inahukumu jamii nzima, kwenye bonde ambalo watu wameshaumizana kwa ajili ya malisho. Tuliomba radhi hewani, saa ileile ya kipindi, na mzee akajibu kwa sauti yake mwenyewe.

Asiporidhika, mtu kama yule ana njia ya kwenda Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambako sheria ya mwaka 2003 iliunda Kamati ya Maudhui. Kituo huitwa kijieleze, na adhabu huwa onyo, faini au kusimamishwa. Asiyekubali uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Mkoani kwetu Morogoro tunaikumbuka Februari 2013, Radio Imaan iliposimamishwa miezi sita, ikidaiwa kuhamasisha watu wasishiriki Sensa ya 2012. Ukubali hukumu ile au usikubali, hoja yake inaeleweka: msikilizaji aliambiwa afanye nini?

Ya Januari 2018 ndiyo iliyonisumbua. Vituo vitano vya televisheni, ITV na Star TV vikiwamo, vilitozwa faini ya jumla ya shilingi milioni 60 kwa kurusha habari ya mkutano wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na waandishi, uliohusu chaguzi ndogo za madiwani za Novemba 2017. Kamati ilisema habari ile haikuwa na mizania na ingeweza kuchochea. Mimi naona mizania haipimwi kwa taarifa moja. Mwandishi anayeripoti tuhuma anawajibika kumtafuta anayetuhumiwa, lakini jibu likija kesho na likarushwa kwa uzito uleule, kituo kimetimiza wajibu wake. Tukidai kila upande uwemo ndani ya dakika zilezile mbili, basi ofisi yoyote isiyopokea simu itakuwa na uwezo wa kuzuia habari.

Lingine linanikera zaidi. Shauri likianzia kwa mamlaka yenyewe, bila mlalamikaji wa nje, aliyeona kosa na anayelihukumu wanatoka nyumba moja. Wangetenganishwa.

Na kusimamisha redio ya wilayani liwe jambo la mwisho kabisa. Masika mto ukifurika, watu wa Ifakara hutegemea redio kujua njia ipi inapitika. Hao hawakumtusi mtu.

Ninachoomba kwa Kamati ni sababu zitolewe kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwa kila uamuzi: maneno yapi yalikosea, dakika ya ngapi, na kituo kingefanya nini badala yake. Mtangazaji kijana akisikia tarakimu ya faini tu, anajifunza kuikimbia mada. Na hapa kwetu mada ya kwanza kukimbiwa ni ardhi.