Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone



Methali tuliyoiweka juu ya ukurasa huu tuliifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mwaka tuliieleza kwa upande wa jikoni: mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hufaidi. Mwezi uliopita tuliielewa upya, hapa hapa Harrow, nasi tumeona vema tuwasimulie.

Mpwa wetu, mfanyabiashara wa vipuri vya magari huko Tanga, alikuja London kwa juma moja kuonana na watu anaonunua kwao mali. Safari hii alimleta mama yake, yaani dada yetu mkubwa, ambaye hakuwa amepata kupanda ndege maishani mwake. Mikutano ya kijana ilikuwa ya siku nne. Siku tatu zilizosalia zilikuwa zetu, za kuwatembeza wageni.

Mwalimu hata akistaafu haachi kupanga ratiba. Siku ya kwanza tuliandika: Mlima wa Harrow. Siku ya pili: Westminster. Siku ya tatu tuliandika: mapumziko. Neno hilo la mwisho halikuwa la kweli, na tulilijua wakati tukiliandika. Mdogo wetu wa mwisho alifariki hapa mwaka 1996, akazikwa katika makaburi ya Harrow Weald, kwa sababu gharama za kumrudisha nyumbani zilitushinda. Huko nyumbani walikaa matanga bila maiti. Mama yetu alifariki mwaka 2003 bila kuliona kaburi la kitinda mimba wake. Na jambo ambalo hatukuwa tumemwambia mtu yeyote ni kwamba kaburi lile halikuwa na jiwe. Mwanzoni fedha hazikuwapo. Kisha zikaja karo za watoto, kisha kodi ya nyumba. Mwishowe fedha zikapatikana, lakini aibu ilikuwa imekwisha kuota mizizi.

Siku ya kwanza, basi, tulipanda mlima pole pole, Dada akiushika mkono wetu. Tuliwaonyesha shule maarufu iliyopata hati ya Malkia Elizabeth wa Kwanza mwaka 1572, ambako walisoma Churchill na Nehru. Dada alisimama. "Nehru huyu huyu wa India?" Tukamjibu ndiye. "Basi walimfundisha vizuri kupita walivyokusudia," akasema, akaendelea kupanda.

Juu kabisa lipo kanisa la Mtakatifu Maria, lililowekwa wakfu mwaka 1094. Mshairi Byron, alipokuwa mwanafunzi, alizoea kuketi katika makaburi ya kanisa hilo na kutazama bonde. Tuliwasimulia pia habari za binti yake, Allegra, aliyefariki Italia mwaka 1822 akiwa na umri wa miaka mitano. Baba yake aliagiza mwili uletwe hapa, lakini kwa kuwa mtoto alizaliwa nje ya ndoa, wenye kanisa walikataa kuweka kumbukumbu yake ndani. Alizikwa karibu na mlango bila alama yoyote, na kibao chenye jina lake kiliwekwa mwaka 1980 tu. Tulikuwa katikati ya hadithi hiyo ndipo tulipoisikia sauti yetu wenyewe, nayo ikatukauka kooni. Dada hakusema neno. Alitutazama tu.

Tulipokuwa tukiteremka, Grove Hill ilituokoa. Hapo pana kibao kinachokumbusha ajali ya tarehe 25 Februari 1899, ya kwanza kuandikwa katika Uingereza iliyomuua dereva wa gari. Dereva alikaza breki mteremkoni, gurudumu la nyuma likavunjika. Mpwa wetu alikipiga picha kibao hicho mara nne. "Mjomba," akasema, "hii nitaitundika dukani, ili wateja wajue gharama ya kipuri hafifu." Tulicheka sote, tukaenda kula mogo wa kukaanga kwa mzee mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Jinja, aliyefukuzwa Uganda pamoja na wenzake mwaka 1972. Alimwamkia Dada "Shikamoo, mama" kwa Kiswahili safi, na hakukubali kulipwa chai.

Siku ya pili tulichukua treni ya Metropolitan hadi Baker Street, tukabadilisha kwenda Westminster. Kiingilio cha Abasia si cha bei ndogo, lakini kijana alilipa kabla hatujafungua mkoba. Wafalme tuliwapita haraka. Tulichotaka kuwaonyesha ni jiwe lililomo sakafuni, katikati ya kanisa: kaburi la David Livingstone.

Nyote mnaijua habari yake. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia. Wenzake wa msafara, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Karibu na Tabora afisa mmoja Mwingereza, Cameron, aliwashauri wamzike pale pale, wakakataa. Walifika pwani Februari 1874, na tarehe 18 Aprili mwaka huo akazikwa London. Jacob Wainwright alikuwapo mazishini. Chuma na Susi walifika Uingereza baadaye.

Dada alituomba tumfasirie maandishi. Tukamwambia kwamba jiwe linataja mikono miaminifu iliyomleta kwa nchi kavu na kwa bahari.

"Mikono ya nani?"

"Haikutajwa."

Alitafakari kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kwa kuwa tulikuwa kanisani: "Watu wetu walimbeba mgeni miezi tisa wakamrudisha kwao. Wa kwetu sisi hakurudi. Sikulaumuni, maana ndege si mabega. Lakini yeye ameandikwa wapi?"

Hapo hapo, kati ya watalii, tulimwambia kila kitu. Hatukuona haya kulia.

Siku ya tatu hatukupumzika. Ofisi ya makaburi ilitutafutia namba katika daftari lake, na mpwa wetu akainama kusoma. Alizaliwa mwaka mmoja baada ya msiba, akarithi jina la mjomba wake; sasa aliliona jina lake mwenyewe limeandikwa pale, na tarehe ya maziko pembeni. Alinyamaza kwa muda mrefu.

Dada alitandika khanga juu ya nyasi, akaketi, akang'oa magugu. Kisha akaanza kumpa mdogo wake habari za nyumbani: nani ameoa, nani ametangulia, mnazi gani umeanguka, kisima kipi kimekauka. Alipomfikia Mama alitulia, kisha akasema, "Yeye utakuwa umekwisha mwona." Yalimchukua saa nzima. Sisi tulisimama kando, na mzigo wa miaka mingi ukawa unatutoka mabegani.

Jioni ile ile kijana alizungumza na mchonga mawe, akapatana bei kama anavyopatana vipuri. Tulikubaliana kugawana gharama.

Ndugu zetu, wengi wetu tumezeekea hapa. Waambieni watoto wenu mngependa kulazwa wapi, tena mliandike, na muweke akiba ya jambo hilo mapema. Msiwaachie kuamua na kuchangishana kwa siku tatu za kilio. Na aliye na kaburi lisilo na alama, asingoje mgeni aje kumponya.

Jiwe litasimamishwa majira ya kuchipua, tukijaliwa. Litakuwa na jina lake kamili, jina la kijiji chake, na majina ya wazazi wake wote wawili. Mtakaopenda kuja mnakaribishwa. Chai na maandazi vitakuwapo nyumbani kwetu baadaye.

Wasalaam.